Chungu Kinachojipikia

Siku ya kwanza aliyomtia fundi umeme machoni, muuguzi alikuwa na hasira naye. Duka la vyombo vya umeme lilikuwa limefurika wanunuzi wa mwisho wa mwezi, naye, akiwa bado katika sare nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, alikuwa ameunyoosha mkono kukichukua chungu cha umeme kilichobaki peke yake kwenye rafu. Mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu alikuwa amekwisha kukishika, si kwa kukinunua, bali kwa kuukagua waya wake.

"Kaka, ukimaliza kukichumbia, nipishe nilipe."

"Waya huu ni mwembamba, Sista. Hauaminiki."

"Na wewe unaaminika?"

Muuza duka alicheka hadi miwani ikamshuka puani. Fundi umeme naye akacheka, akakifungia chungu plagi mpya palepale, na tangu siku hiyo simu zao hazikupoa. Muuguzi alimwita Inspekta. Fundi alimwita Sista wangu, na hilo "wangu" alilivuta makusudi.

Muuguzi alikuwa wa zamu ya usiku, na kila akitoka kazini tumbo lake lilikataa kila kitu isipokuwa uji mmoja: shayiri, vipande vya boga, maziwa na mdalasini, vikichemka polepole usiku kucha hadi boga liyeyuke. Kwa kuwa chumba cha fundi kilitazamana na lango la hospitali, alimkabidhi chungu na kumweleza kwamba hapana kazi: atie vitu, awashe, akalale. Chungu kinajipikia. Fundi aliahidi, na kila alfajiri akamngoja kibarazani na bakuli linalofuka moshi.

Mambo yaliharibika sebuleni kwa baba wa muuguzi. Fundi alikwenda kujitambulisha, amevaa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa. Baba, mwalimu mkuu mstaafu aliyezoea kuyapima maneno yake, alimuuliza anamtaka bintiye kwa nia gani. Jibu lililotoka lilikuwa mkoromo.

Shangazi wa muuguzi, aliyeketi kando, hakukawia. "Anayesinzia mchana kweupe mbele ya baba mkwe, huyo usiku ana pa kwenda."

Baba aliinuka bila neno, akaenda zake chumbani. Baadaye alimwambia bintiye kwamba kijana yule asikanyage tena pale bila maelezo ya kuridhisha. Lakini fundi, alipoulizwa, alisema alichoka tu. Basi usiku ule, katikati ya zamu, muuguzi alimpigia simu. Ikapokewa kwa mlio wa kwanza.

"Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa nimelala, mpenzi." Sauti ilikuwa kavu, haina hata chembe ya usingizi.

"Na nani?"

"Ukiniuliza hivyo, sina la kukujibu."

Mkoromo wa sebuleni angeweza kuusamehe. Uongo huu mdogo, uliosemwa kwa utulivu, alitembea nao wodini hadi alipokabidhi zamu. Alivuka barabara kwa hatua za askari, akausukuma mlango uliokuwa nusu wazi, amedhamiria kukibeba chungu chake na kuondoka nacho moja kwa moja.

Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya meza, macho mekundu, ndoo ya mchanga miguuni pake. Vidole viwili alikuwa ameviweka juu ya waya wa chungu, akilipima joto lake, vilevile kama muuguzi anavyoushika mshipa wa mgonjwa. Nyuma yake kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka halijakunjamana hata kidogo.

"Kila usiku?" muuguzi aliuliza.

"Kila usiku. Kazi yangu ni kutandaza waya upya katika nyumba zilizoungua, Sista. Wengi walilala wameacha kitu kimewashwa. Mimi siwezi."

"Mbona hukusema?"

"Ulifurahi mno ulipokileta. Ningekataa, ungekula nini?"

"Ningekula mkate mkavu! Umemwacha shangazi akuite mhuni, umeniaibisha kwa baba yangu, kwa ajili ya bakuli la uji?"

"Nawe ukaniuliza nimelala na nani." Sasa fundi alikuwa amesimama, vidole bado juu ya waya. "Hilo nalo tuliite nini?"

"Hilo nimekukosea," muuguzi alisema. "Niwie radhi. Lakini la kwako bado liko palepale."

Akauacha mlango wazi, akavuta kigoda, akauondoa mkono wa fundi na kuviweka vidole vyake juu ya waya.

"Kukesha ni kazi yangu mimi. Nimeisomea. Nani alikupa ruhusa ya kuninyang'anya?"

"Sista wangu..."

"Nyamaza, nina hasira nawe. Shayiri haijaiva bado, nitaingoja mimi. Kalale. Ukiamka uvae ile suti, twende ukamjibu baba swali lake."

Fundi alijilaza na ovaroli yake. "Nitamwambia nataka kukuoa," alisema, na kabla ya kujibiwa alikuwa tayari anakoroma.

Ikambidi muuguzi alirudie jibu, ambalo fundi hakulisikia, jioni ile, mbele ya baba na shangazi. Lilikuwa ndiyo, na alilitoa kwa ukali hata shangazi akasogeza kiti nyuma.