Makofi ya Mchana

Epifania ni binti wa kijiji cha Heru Juu, na adabu za kwao alizibeba mpaka Kasulu mjini alipokuja kusomea ualimu. Bweni lilikuwa limejaa, akapata chumba uani kwa Mzee Khatibu, bei chee kabisa. Shangazi yake Pelagia, anayeishi Kibondo, alimpigia simu kumwagiza: anunue kufuli jipya, afungiwe komeo la ndani, na kabla ya yote awaulize majirani nani alikaa pale na kwa nini alihama. Kufuli alinunua. Komeo fundi alilifunga. Kuuliza si ujinga, lakini yeye aliona haya. Mgeni gani huanza kwa kupekua mambo ya watu?

Jambo moja lilimshangaza. Kwao Waha, mtu akikusalimu huinama na kupiga makofi taratibu, nawe ukajibu kwa makofi. Pale uani hakuna aliyefanya hivyo. Hata Mwajabu, jirani yake muuza chapati, alisalimia kwa mdomo tu, mikono ameificha kwapani. Epifania akajisemea kwamba mji umewaharibu hawa.

Jumanne, mchana kweupe, akichekecha unga wa muhogo, alisikia makofi mlangoni. Mapole, matatu. Akajibu kwa yake, akafungua. Hapakuwa na mtu.

Jumatano yakarudi. Akajibu tena, maana salamu haiachwi hivihivi. Safari hii yalitokea upande wa ndani wa mlango.

Alhamisi aliapa kutojibu. Alikaa kitandani, komeo limefungwa. Kimya. Kisha makofi. Sikioni pake.

Alitoka mbio, akaupiga teke ungo, unga ukamwagika sakafuni. Mwajabu alimdaka uani, akamnong'oneza, "Umemjibu?"

"Mara mbili, dada."

"Aliyekaa kabla yako naye alikuwa na adabu hivyohivyo. Ungeniuliza ningekwambia, mdogo wangu. Kukwambia bila kuulizwa niliogopa. Na mimi ni mpangaji."

Epifania akapanda basi la Kibondo saa ileile, bila begi. Kwa shangazi yake alisema wezi wamemtisha. Ya makofi aliona haya kuyaeleza.

Kesho yake Mzee Khatibu alikwenda na Mwajabu kumtolea vitu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, kwa komeo lile jipya. Dirisha la chumba halipitishi hata paka. Wakavunja. Ndani hapakuwa na mtu. Kwenye unga palikuwa na alama mbili za magoti, zimeelekea kitandani. Mwajabu alimpigia simu Epifania kumweleza, na kumwambia begi limepakiwa kwenye basi.

Begi lilifika Jumamosi mchana. Pelagia alikuwa anasonga ugali yaliposikika makofi mlangoni, mapole, matatu. Akaweka mwiko chini, akainama kwa heshima kama alivyofundwa.

Epifania alirukia mikono ya shangazi yake aishike. Hakuiwahi.