Gundi ya Kipketer

Soko la Nakuru siku ya Jumamosi, jamani, linuke vipi tena? Kabichi zilizooza zimekanyagwa hadi zikawa uji. Matumbo ya ng'ombe yananing'inia pamoja na inzi wake, na upepo unaleta vumbi la magadi kutoka ziwani, linalonata kwenye meno. Mwaka ule wa hamsini na saba watu waliokaa juu Menengai waliusifu mji huu kwa uzuri. Wangeshuka huku chini kwanza ndipo waseme.

Hapo sokoni ndipo Nekoye alipoteleza. Alikuwa amevaa gauni jeupe la maua ya samawati, mkanda mwembamba kiunoni, na raba nyeupe alizozipaka blanko, rangi ya kung'arisha viatu, asubuhi ile ile. Mguu mmoja ulikanyaga nyanya iliyooza, wa pili ukaenda zake, na angekaa kitako juu ya matumbo kama mkono wa mwanamume haungemdaka kiwiko.

"Pole, dada. Simama polepole."

Nekoye akageuka ashukuru. Aliona kijana mrefu, kaptura ya kaki iliyopigwa pasi, meno meupe ya kupendeza. Kisha harufu ikamfikia, akaziba pua.

"Aka! Wewe unanuka nini?"

"Ngozi za ng'ombe," kijana alijibu bila haya. "Nafanya kazi ghala la ngozi, kule nyuma ya reli. Na leo nimeoga mara mbili."

"Oga ya tatu."

"Nitaoga. Nikishaoga, nitakupata wapi?"

Nekoye angeweza kuondoka. Alikuwa na pua kali kuliko mbwa wa polisi. Ndiyo iliyompa kazi kwa dobi, mezani pale mbele, akipokea mashati ya wazungu. Alijua kwa kunusa tu nani alilewa juzi na nani analala na mbwa wake. Lakini akipenda, chongo huita kengeza. Akamwambia kwa dobi ni mtaa gani, na mwenyewe akashangaa mdomo wake.

Jumatatu simu ya dobi ikalia.

"Halo, nauliza shati la bwana," sauti ilisema.

"Bwana gani?"

"Bwana Kipketer, aliyeoga mara tatu."

Nekoye akacheka hadi mwenye duka akainua kichwa. "Shati bado liko kwa maji," akajibu kwa sauti ya kazi. "Lina doa gumu."

"Sugua tu, mpenzi. Litatoka."

Basi ikawa hivyo. Kila Kipketer alipopata nafasi ya kuigusa simu ya ofisini ghalani, shati la bwana liliulizwa. Jumapili walitembea hadi karibu na ziwa, yeye Nekoye akitangulia upande wa upepo, Kipketer akifuata nyuma kama mtu anayemchunga.

Kipketer huyu alikuwa na burudani yake. Alikuwa na msumeno wa kukanyaga kwa mguu kama cherehani, wembe wake mwembamba kama uzi, ukipanda na kushuka. Jioni aliketi nao akikata ubao mwembamba, akitoa majani, ndege na majina ya watu. Alivitoa kama ukumbusho: kwa maharusi, kwa mtoto aliyebatizwa, kwa jirani anayehamia Eldoret. Hakuuza hata kimoja.

"Kwa nini huuzi?" Nekoye alimuuliza.

"Mchana kutwa nashika vitu vya watu vilivyokufa. Jioni nataka kushika kitu cha mtu aliye hai."

Siku hiyo Nekoye alimpa picha ya mama yake. Ilikuwa moja tu. Mama alikuwa amefariki Nekoye akiwa mdogo, na bila picha ile asingeujua uso wake. Alitaka amtengenezee kisanduku cha kuiweka.

"Na hicho kisanduku kiwe na kufuli," alimtania. "Siku ukija hujaoga, nitaifungia harufu yako humo ndani."

Kisanduku kikaja. Kilikuwa cha mtarakwa mwekundu, flamingo wamekatwa pande zote shingo zikipishana, na ndani ya kifuniko mama Nekoye anatazama, ameshikwa imara kwa gundi. Nekoye alikinusa kwanza, kama kawaida yake. Kilinukia msitu.

"Kila kitu humo kimetoka mikononi mwangu," Kipketer alisema, kifua mbele. Kisha akaharibu. "Na harufu yangu nimeifungia humo, kama ulivyotaka. Unikumbuke."

Wakacheka wote wawili. Wajinga wawili.

Maana ukweli ni huu. Gundi ya kuunganishia mbao huuzwa dukani, nzuri kabisa, na Kipketer siku zote alitumia hiyo. Lakini kwa Nekoye alitaka kila kitu kiwe chake, hata gundi. Akachukua vipande vya masikio na miguu vilivyokatwa kwenye ngozi za ghalani, akavichemsha kwenye mkebe mpaka vikawa uji mzito. Wazee wa zamani walipika gundi hivyo hivyo, lakini wao waliloweka ngozi kwanza na kubadilisha maji hadi chumvi yote iishe. Ngozi za ghalani zimelazwa ndani ya chumvi. Kipketer, mtu anayelamba chumvi ile midomoni kila siku, hakukumbuka kuiosha. Alikuwa ameizoea mno.

Wakati wa jua gundi ile ilitulia. Kisha mvua za Aprili zikaanza, na chumvi huvuta unyevu.

Nekoye aliishi na baba yake na shangazi yake Rasoa katika nyumba za reli. Baba alikuwa safarini na treni wiki nzima, na shangazi, ambaye hakupenda habari za mpakia ngozi, akajifanyia mpango wake. Jumapili moja alimkaribisha Micah, karani, pamoja na mama yake. Walikuja kunywa chai na kumtazama msichana. Huyo Micah! Nywele zimepakwa mafuta mpaka zinatiririka shingoni, leso imemwagiwa manukato, na kucha ya kidole kidogo ameifuga ndefu ya kuchokolea sikio. Alichokoa sikio, akatazama alichopata, kisha kwa kidole hicho hicho akachukua andazi.

Nekoye akasogeza kikombe chake mbali. Akaamua kumaliza mambo mapema. Aliingia chumbani, pua bado imezibwa na manukato ya Micah, akatoa kisanduku sandukuni chini ya nguo za mvua, akakiweka mezani katikati ya vikombe.

"Shangazi, mama, nisameheni," alisema. "Mimi nina mtu wangu. Hii ni kazi ya mikono yake, na ndani amemtunza mama yangu. Tazameni."

Akafungua.

Harufu ilitoka kwanza, ya mzoga uliolala mtaroni. Gundi ilikuwa imetoka jasho, inateleza kama kamasi pembeni pembeni. Na funza, wale weusi wenye manyoya wanaokula ngozi, walikuwa wanatambaa kwenye paji la uso la mama yake.

Mama Micah alipiga yowe akamwaga chai mapajani. Micah akaziba pua kwa leso, akacheka. "Kweli mchuna ngozi hutoa anachokijua!" Alicheka na andazi mdomoni, makombo yakaruka hadi kwenye maziwa.

Nekoye alijaribu kuibandua picha. Pembe moja ikachanika. Funza akapanda kwenye kidole chake, akapiga kelele, akakiachilia kisanduku, na kwa jambo hilo alijichukia zaidi ya yote: alimwachilia mama yake kwa sababu ya kinyaa. Shangazi Rasoa akakibeba kwa koleo la makaa, akaenda kukitupa jaani nyuma ya nyumba. Kisha Nekoye akakumbuka ule utani. Harufu yangu nimeifungia humo.

Jumatatu simu ililia.

"Halo, mpenzi. Shati la bwana limekauka?"

"Shati limeoza!" Nekoye alifoka. "Harufu uliyonifungia nimeiona. Nicheke mimi, sawa, nilisema unanuka. Lakini mama yangu? Kumwekea mama yangu funza?"

"Funza? Neko, sielewi..."

"Usipige tena."

Kipketer alibaki na simu mkononi inalia peke yake. Alitoka ghalani bila kuaga, akaenda hadi mlangoni kwa shangazi Rasoa.

"Shikamoo, mama. Nimekosa nini?"

"Zawadi yako iko jaani," alijibiwa. "Nenda ukale na funza wenzako." Mlango ukafungwa.

Jaa la nyumba za reli, we acha tu. Majivu, maganda, nepi, panya waliokufa, maji ya vyoo yaliyofurika kwa mvua. Kipketer aliingia hadi magotini mchana kweupe, watu wakimtazama, akachimba kwa mikono. Watoto waliimba. Akina mama waliokuwa wakifua walitema mate pembeni. Naye mtu wa ngozi, aliyedhani hakuna kinachoweza kumtia kinyaa duniani, alitapika humo humo na kuendelea kuchimba.

Alikipata chini ya majani ya ndizi. Akakifungua, akagusa ule utelezi, akaonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

"Mjinga mimi," alisema. "Mjinga kabisa."

Lakini gundi ya ngozi ina wema mmoja: iliyopikwa kwa maji huachia kwa maji. Alilaza kitambaa chenye maji ya vuguvugu nyuma ya ubao, akangoja, akabadilisha, akangoja, mpaka mama Nekoye akajitenga polepole, uso wake mzima, akiwa amepungukiwa pembe moja tu. Kisha akakaa kwenye msumeno. Alikata fremu ya mtarakwa, kila kipande kikiingia ndani ya mwenzake kwa meno na vijiti vya mti. Hakutia tone la gundi.

Alipoipeleka kwa dobi Nekoye alikuwa ametoka. Akamwachia mwenye duka, na maneno.

"Amesema hivi," mwenye duka alimwambia Nekoye, akijikuna kichwa. "Gundi alipika mwenyewe, chumvi hakuosha. Hakukucheka. Amesema hatapiga simu, maana ulimkataza."

Nekoye alikuwa ameshasikia kwa akina mama habari za mwendawazimu wa jaani. Alidhani Kipketer amekwenda kuficha aibu yake. Sasa alifungua kitambaa, mama akamtazama. Akaleta fremu puani, akavuta. Mtarakwa. Akageuza, akanusa pembe, akanusa viungo, akanusa hata kitambaa. Mtarakwa na sabuni tu. Alitafuta harufu ya Kipketer kila mahali na haikuwepo, na hapo ndipo alipolia.

Mchana ule ule alivaa gauni la maua ya samawati na raba nyeupe, akavuka reli. Harufu ilimpokea mbali. Mlangoni pa ghala, mbele ya rundo la ngozi mbichi na maji mekundu yanayotiririka hadi kwenye raba zake, alisimama ghafla. Akainama, akatapika chakula chote cha mchana.

"Neko!" Kipketer alikuja mbio, mikono imejaa chumvi, hajui amshike wapi. "Toka hapa, tafadhali! Hapa si mahali pako. Nitakuja mimi, nikishaoga."

"Nyamaza." Alijifuta mdomo kwa mkono. "Nimekuja kuuliza shati la bwana."

Kipketer alifuta mikono kwenye kaptura. "Lina doa, mpenzi. Halitatoka."

"Basi nitalivaa na doa lake. Baba anarudi Jumamosi. Uje na wazee wako."

"Na shangazi?"

"Shangazi atazoea. Hata mimi nimekuja kuzoea." Kisha akamnyooshea kidole. "Lakini gundi, Kipketer, ninakuapia kwa Mungu, gundi ni ya dukani!"

Wapakiaji wenzake waliangua kicheko. Nekoye hakuwatazama. Safari hii hakuziba pua, akakanyaga yale maji, akaja hadi kifuani pake, akavuta pumzi.