Gari la Kumsubiri Mama

Kila asubuhi Winfrida alianza na ufagio. Alifagia uwanja kuanzia mlango wa jiko mpaka pale pikapu ya baba yake ilipolala, akaosha vyombo vya jana, akavaa sare ya shule. Kisha akasimama kungoja. Siku hizi hakungoja uji. Alimngoja baba yake, Fortunatus, aingie kwenye gari na kuzungusha ufunguo.

"Mungu wangu, leo tu," alinong'ona.

Tik-tik-tik. Kisha kimya.

Baba aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Hakugombeza mtu, hakubamiza mlango. Siku za mwanzo alifanya hivyo, ila sasa hata hasira ilikuwa imemwishia.

"Waite wenzako," alisema bila kuinua kichwa.

Wanafunzi waliopita hapo kwenda shule, pale kijijini Chinongwe, walikwisha kuizoea kazi hiyo. Waliweka madaftari yao kwenye mawe, wakajipanga nyuma ya pikapu. Ashraf, mtoto wa jirani aliyesoma darasa moja na Winfrida, alikuja na maneno yake.

"Wini, gari la kwenu halinywi petroli. Linakula miguu yetu!"

"Sukuma, punguza mdomo."

"Si nasukuma? Baiskeli ya babu yangu haina betri, na kila siku inaondoka!"

Watoto wakacheka. Winfrida naye akacheka kidogo, maana bila hivyo angelia.

Gari liliteremka, likakohoa, likawaka. Baba akalizungusha barabarani ili betri ipate chaji, akalirudisha nyumbani. Lakini ilikuwa kazi bure. Likilala usiku mmoja, liliamka kwa shida. Likilala usiku wa pili, haliamki.

Sasa, gari hilo halikununuliwa kwa ajili ya matembezi. Lilinunuliwa lisubiri.

Mama yake Winfrida, Catherine, aliwahi kushikwa na uchungu wakati wa mvua. Gari la kukodi lilichelewa, wakampakia kwenye bodaboda, nayo ikazama kwenye tope. Alipofikishwa hospitalini Nachingwea walimpasua, akapona yeye. Mtoto hakupona. Tangu hapo kila ufuta uliovunwa na kila korosho iliyookotwa katika nyumba ile ilikuwa kwa ajili ya gari. Na sasa mama alikuwa mjamzito tena, mimba imekua, mvua nazo zimerudi. Mpango ulikuwa mwisho wa mwezi ahamie kwa dada yake Nachingwea, akae karibu na hospitali. Muuguzi wa zahanati aliwaonya mapema:

"Mtoto hana kalenda. Uchungu ukianza kabla ya hapo, msikae kikao. Ondokeni saa hiyohiyo. Na habari ya bodaboda nisiisikie."

Kwa hiyo mama alipogeuka tu kitandani, baba alishtuka. "Vipi? Ni sasa?" Mama alijibu, "Lala, baba Winfrida, nimejigeuza tu." Lakini baba hakulala. Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi.

Alikwisha kujaribu mengi. Alibadilisha betri. Fundi Saburi wa Ruangwa alipima akasema mashine ya kuchaji ni nzima. Akamfundisha baba kufungua kichwa cha betri kila jioni, yaani kuuchomoa waya wake, ili umeme usipotee usiku. Baba akafungua na kufunga, kufungua na kufunga, mpaka nati ikalika. Siku moja kichwa kikachomoka njiani, gari likazimika katikati ya barabara, mama akiwa ndani anakwenda kliniki. Siku ile mama alilia, na hakuwa mtu wa kulia.

Winfrida naye alikuwa na jambo lake, nalo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni, watu wakiwa jikoni, alikuwa akichukua ufunguo kwenye msumari, anaingia garini kimyakimya na kufungulia redio. Alipenda nyimbo, na alipenda kukaa peke yake kama mtu mkubwa. Gari lilipoanza kufa alishtuka, akaacha kabisa. Lakini hata alipoacha, betri iliendelea kufa. "Basi siyo mimi," alijiambia. "Nikisema, nitapigwa bure." Akanyamaza. Ila kila alipomwona baba ameinamia usukani, mwiba ule ulichoma.

Jumamosi Fundi Saburi alikuja mwenyewe kwa pikipiki. Nyuma amefunga betri iliyojaa chaji, begani amening'iniza mfuko wa vifaa.

"Shikamoo, bibi," alimsalimia Bibi Dorotea, mama yake baba, aliyekuwa kibarazani akipepeta mtama.

"Marahaba, mwanangu. Leo utatutoa kwenye mateso haya?"

"Nitajaribu, bibi. Leo siondoki na jibu la kubahatisha."

Kabla hajaanza, baba alimvuta pembeni. "Fundi, kile kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria usikifungue. Kina vitu vya mama, vya wazee."

"Nimekuelewa. Hata kwetu vipo."

Siku gari lilipoletwa nyumbani, Bibi Dorotea alichota unga wa mtama, akaufunga katika kitambaa cheupe, akawaomba wazee waliotangulia wailinde safari. Kisha akauweka ndani ya kisanduku kile kwa mkono wake. Tangu hapo hakuna aliyekigusa. Hata baba, akilifuta gari vumbi, kitambaa chake kilikiruka kisanduku.

Saburi alifunga betri mpya, akatoa ufunguo, akafunga milango. Akaweka mita kati ya betri na waya wake. Winfrida na Ashraf wakasogea.

"Mita hii inaonyesha umeme unaotoka kwenye betri," aliwaeleza. "Gari likilala, linatakiwa kutumia umeme kidogo sana, karibu na sifuri. Ona hapa. Kuna kitu kinakunywa."

Akainamia boksi la fyuzi chini ya boneti, akawa anachomoa fyuzi moja, anatazama mita, anairudisha. Alipochomoa moja karibu na mwisho, namba kwenye mita ikashuka ghafla.

"Hee! Nimekushika. Hii ni njia ya redio na taa za ndani."

Winfrida alirudi nyuma hatua moja. Redio! Saburi akairudisha fyuzi, akachomoa waya wa redio, akatazama tena mita. Umeme bado ulikuwa unanywewa vilevile.

"Siyo redio," alisema taratibu. Akachungulia dirishani. "Taa ya juu nayo imezima. Sasa ni nini?"

"Itoe hiyo fyuzi tuishi bila redio," alisema baba.

"Mafundi waliotangulia waliungaunga waya. Hiyohiyo ndiyo inashika vifuta maji vya kioo na taa za breki. Kwa mvua hii utaendesha huoni mbele?"

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Saburi alitafuta, akalala chini ya usukani, akatoka na vumbi kichwani. Hatimaye alianza kurudisha vifaa kwenye mfuko, mkono mzito.

"Mvua ikinikuta huku sitavuka lile bonde. Betri hii itawasaidia usiku wa leo. Kesho labda. Keshokutwa siwezi kuwaahidi."

Baba alikaa chini, palepale kwenye udongo, mikono kichwani. "Basi," alisema. "Basi, nimeshindwa. Nitamzika mtoto mwingine."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono yote juu ya tumbo.

Winfrida aliwatazama wote wawili. Mwiba ukapanda mpaka mdomoni.

"Baba, mimi nilikuwa nachukua ufunguo. Jioni. Nasikiliza redio."

Baba aliinuka mara moja, mkono uko juu. Winfrida akafumba macho.

"Ngoja, baba Winfrida," alisema Saburi. "Redio tumeshaitoa hatiani. Mwache mtoto amalize. Ulikaa humo gizani?"

"Ndiyo."

"Ufunguo ukiwa umezimwa, uliona nini?"

Winfrida alifungua macho. "Hakuna kitu. Giza tu. Na ule mwanga."

"Mwanga gani?"

"Ule mwembamba, kama uzi. Ukingoni mwa kisanduku cha Bibi. Nilijua magari yote yako hivyo."

Wote, mmoja mmoja, wakageuza macho kibarazani.

Bibi Dorotea aliweka ungo chini. "Mnanitazama nini? Fundi, angalia kwanza kwa nje. Kama ni kweli, nitafungua mwenyewe."

Lakini mchana mwanga mdogo hauonekani. Bibi akavua kanga ya mabegani, akampa. Saburi akaingia garini, akajifunika kichwa pamoja na kisanduku.

"Fundi anachezwa unyago!" Ashraf alishindwa kujizuia.

"Nyamaza wewe," sauti ilitoka ndani ya kanga. "Ipo! Taa inawaka humu ndani!"

Bibi alikuja, akasema maneno machache kwa sauti ya chini, akafungua kifuniko. Alitoa kile kifurushi cha unga, akashtuka. Kilikuwa cha moto. Upande mmoja kitambaa kilikuwa kimebadilika rangi, na harufu ya mtama uliokaangwa ikatoka.

"Kumbe muda wote huu wazee walikuwa wanapikiwa uji!" alisema.

Hata mama alicheka, akijishika kiuno.

Saburi aliwaonyesha kitufe kidogo ukingoni. Kifuniko kikifungwa vizuri, kinakandamiza kitufe na taa inazima. Lakini kifurushi kilikuwa kinene. Kilikisukuma kifuniko, nacho kikashika nusu tu. Kwa macho kimefungwa, kumbe kitufe hakijaguswa. Taa ikawaka usiku na mchana, ikinywa kidogo kidogo. Saburi alifunga kifuniko bila kifurushi. Mita ikashuka mpaka karibu na sifuri, ikatulia hapo.

"Mama," baba alianza kwa woga, "sasa huu unga..."

"Wazee hawachagui chumba," alijibu Bibi. "Tia kwenye kopo, weka nyuma ya kiti."

Mvua ilinyesha usiku ule, ikanyesha kesho yake kutwa na usiku wake. Gari lililala bila kuguswa. Kulipoanza kupambazuka, Winfrida alisikia sauti ya mama, ndogo na ngumu.

"Fortunatus. Ni sasa."

Uwanja ulikuwa tope tupu. Wanafunzi hawajatoka majumbani, na hata wangekuwepo, nani angesukuma gari kwenye utelezi ule? Bibi alimshika mama wakaingia. Baba alikaa, akaingiza ufunguo, lakini hakuuzungusha.

"Zungusha, mwanangu," alisema Bibi.

Winfrida aliziba masikio kwa viganja. Hakutaka kusikia ile tik-tik-tik. Ndipo alipohisi ardhi inanguruma chini ya nyayo zake. Akatoa mikono. Gari lilikuwa limewaka! Taa zikapasua mvua, vifuta maji vikaanza kazi, na pikapu ikapotea barabarani kuelekea Nachingwea.

Kutwa nzima Winfrida hakula. Ashraf alikuja na mihogo ya kuchemsha, akakaa naye kibarazani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Jua lilipoanza kuinama, simu ya mama Ashraf iliita, naye akaja mbio kumpa Winfrida.

"Wini," ilikuwa sauti ya baba. "Una mdogo wako wa kike. Mama mzima. Daktari anasema tungekawia kidogo tu..." Hakumaliza. Alikuwa analia, na Winfrida alilia naye.

Waliporudi nyumbani, baba alimwita Winfrida mbele ya Bibi. "Ufunguo ulichukua bila ruhusa. Kwa hilo, utaliosha gari kila Jumamosi mpaka msimu wa korosho."

"Ndiyo, baba."

Bibi Dorotea alimkalisha karibu, mtoto mchanga akiwa mapajani mwake.

"Sikia, mjukuu wangu. Kosa lako la redio lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba jibu la baba yako ulikuwa nalo wewe, umelifungia kwa kuogopa kofi. Unayoyaona si yako peke yako. Mtu akificha ukweli, unawaka ndani na kumla yeye na wenzake taratibu, kwa nje kumefungwa vizuri. Kofi linauma mara moja. Sema mapema. Na sisi wakubwa tumejifunza. Pale tuliposema pasiguswe, ndipo palipokuwa na tatizo."

Tangu siku hiyo Winfrida alipewa kazi moja zaidi, na ufunguo anaachiwa. Kila giza likiingia, anakwenda kwenye gari, anaweka viganja vyake kando ya macho na kuchungulia dirishani.

"Vipi huko?" Bibi anauliza kutoka kibarazani.

"Giza, Bibi. Giza tupu."

"Haya. Basi njoo tule."