Daftari Lililooshwa kwa Maji ya Moto

Kitabu kipya hunukia gundi na karatasi. Kitabu cha Rakiya kilinuka masizi.

Talatu ndiye aliyesema kwanza, Alhamisi baada ya sala ya alasiri, wanawake walipokuwa wameshakaa kwenye mkeka sebuleni kwake, mtaa wa Gwale mjini Kano, sahani ya kosai, bajia za kunde, katikati.

"Rakiya, mchapaji wako ana ofisi au ana jiko?"

Wakacheka. Rakiya naye akacheka, kisha akainamisha uso na kunusa nakala yake. Harufu aliijua. Ni ya wino wa vibao vya chuoni, masizi yaliyochemshwa na gundi ya mti. Katika maisha yake alimjua mwanamke mmoja tu aliyeandika hadithi kwa wino huo. Aliitwa Delu, binti wa mwalimu wa Kurani, na walikuwa wamemzika mwaka uliopita, msimu wa vumbi.

Kundi lao lilikuwa la wanawake saba na halikuwa na kanuni nyingi. Kila mtu alisoma kitabu nyumbani kwake, na Alhamisi alikuja kusimulia ukurasa uliomshika. Hata mama yake Delu, waliyemwita Gwoggo Hanne kwa heshima, ambaye hakujua herufi, alikuwa na ukurasa wake. Mjukuu wake alimsomea, yeye akakunja ncha ya karatasi.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya kitabu cha Rakiya, cha kwanza kutoka ndani ya kundi.

"Mimi nimeshikwa na ukurasa wa arubaini," alisema Talatu. "Pale mwanamke aliyetoka kujifungua yuko kitandani na homa, anampa rafiki yake daftari. Anamwambia, 'Wasomee Alhamisi, mimi nisipoweza.' Nililia, wallahi. Mume wangu akauliza nani kafa."

Rakiya alimeza kosai bila kutafuna. Hakuna ukurasa kama huo. Maneno hayo aliambiwa yeye, chumbani kwa Delu, na hapakuwa na mtu mwingine.

"Wangu unafuata huo," alisema Saude, mwalimu wa shule ya msingi. "Yule rafiki anachemsha maji adhuhuri, anaosha daftari kwenye karai mpaka kurasa zinabaki tupu. Rakiya, umetoa wapi roho mbaya kiasi hicho? Nimekuogopa."

"Na mimi," alisema Gwoggo Hanne taratibu, "ni pale mama aliye chini ya shimo anapompakata mwanawe, macho ya mtoto yametokota. Umeandika vizuri, mwanangu. Kama mtu aliyekuwepo."

Rakiya aliomba nakala zao, moja baada ya nyingine. Ukurasa wa arubaini ulikuwa na harusi, kama alivyoupeleka kwa mchapaji. Hapakuwa na daftari wala karai. Akawarudishia, na wote wakamsifu tena.

Alichofanya alikijua. Delu alikufa Jumapili. Rakiya alinakili daftari kwa mkono wake, kila sura, akaweka jina lake juu. Likabaki daftari lenyewe. Ukurasa wa kwanza Delu alikuwa ameandika jina la Mwenyezi Mungu, na karatasi yenye jina hilo watu wa Kano hawaitupi jaani. Huoshwa wino wake, maji yakamwagwa pasipokanyagwa. Rakiya alifuata desturi, ila kwa haraka: alitumia maji ya moto, adhuhuri, akayamwaga kwenye shimo la bafuni ambamo hata mtoto hufundishwa kutomwaga maji ya moto bila kusema bismillahi, maana majini hukaa humo. Hakuisema. Mdomo ulikataa kulitaja jina lile juu ya kazi ile.

Ijumaa adhuhuri aliingia bafuni kutawadha. Masizi yalinuka hata kwenye taulo. Aliinama kuchota maji, akasikia shimoni sauti ya karatasi ikifunuliwa, kisha nyingine, polepole, kama mtu anayelamba kidole kabla ya kila ukurasa, kisha kilio cha mtoto, chembamba, cha mtoto aliyelia mpaka akachoka, na juu ya kilio hicho sauti ya mwanamke ambayo haikuwa ya Delu, ikimwambia karibu na kisigino chake kwamba maji yake yalimwangukia mwanawe usoni akiwa amelala, kwamba yeye mama aliyanywa yaliyobaki ili yasimuunguze zaidi, na kwamba ndani ya maji yale yalikuwamo maneno, na sasa maneno yote yako tumboni mwake, pamoja na la nani aliyeyaandika na nani aliyeyaiba, na mtoto haoni.

Rakiya alitoka bila kutawadha.

Malam Inuwa, mzee wa chuo aliyetibu watu kwa aya, alimsikiliza huku akikwangua kibao chake.

"Maji yalikuwa ya moto?"

"Ndiyo, Malam."

"Ulisema bismillahi?"

Rakiya alitazama mkeka.

"Basi huyu si wa kufukuzwa hivi hivi," alisema mzee. "Ana dai. Nikimfukuza kwa nguvu atarudi na ndugu zake." Aliandika aya kwenye kibao, akaziosha kwa maji baridi, akampa bakuli. "Hii itakupa nafasi mpaka Alhamisi. Siku hiyo useme mbele ya waliosikia uongo: kitabu cha nani, ulikipataje, ulikiosha wapi. Yote matatu, mama wa marehemu akiwepo. Ukisema yote, nitakuja kuomba suluhu kwa ajili ya mtoto. Ukisema nusu, usinitafute."

"Watanitema mate, Malam."

"Mate hukauka."

Alikunywa. Siku zilizofuata bafu lilinuka sabuni tu. Jumatano mchapaji alimtumia ujumbe kwamba kitabu kinaulizwa mpaka Zaria na Katsina, na kwamba picha yake itakaa nyuma ya toleo la pili. Rakiya aliusoma ujumbe huo mara nne.

Alhamisi alisubiri chai ipite.

"Kuna jambo nataka kusema," alianza. "Kuhusu kitabu. Delu alinisaidia. Tulizungumza sana habari zake, Mungu amrehemu. Kuna mawazo mawili matatu ni yake."

"Si ungesema mapema," alisema Talatu. "Tungemwombea dua."

Gwoggo Hanne alitoa nakala yake chini ya mtandio, akaiweka mapajani mwa Rakiya.

"Nisomee jina lililo juu. Mjukuu wangu alinisomea asubuhi, nikadhani amekosea."

Rakiya alitazama jalada. Herufi za jina lake zililegea, zikatiririka kuelekea chini ya karatasi, zikamdondokea mapajani nyeusi na za moto, akakishika kitabu asikitupe kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama, akafungua ndani, na kila mstari alioutupia jicho ulishuka vilevile, ukurasa kwa ukurasa, harufu ya masizi ikimjaa kooni, mpaka kitabu kizima kikawa cheupe.

"Nisomee," alisema Gwoggo Hanne.

Talatu alichungulia begani kwake, akachukua nakala yake mwenyewe, kisha ya Saude.

"Delu binti Sule," alisoma kwa sauti ndogo. "Zote. Zote zimeandikwa Delu binti Sule."

Rakiya alitazama kalenda ukutani. Ilikuwa karatasi tupu yenye picha ya ng'ombe. Akatoa simu. Kioo kiliwaka, kisicho na neno hata moja.

"Huoni maandishi?" aliuliza Gwoggo Hanne.

"Sioni, Gwoggo."

Gwoggo Hanne alichukua kitabu cha binti yake, akakifuta kwa ncha ya mtandio.

"Basi tumekuwa wawili," alisema. "Ila mimi nina wa kunisomea."

Alhamisi iliyofuata walikuwa sita.

Siku hizi, adhuhuri, Rakiya huweka kigoda mlangoni pa bafu lake, akasikiliza. Hakuna hadithi nyingine inayomfikia. Chini ya shimo mama anamsomea mwanawe asiyeona, kwa utulivu, bila kuruka mstari, na wamefika karibu na mwisho.

"Na yule rafiki, mama," mtoto aliuliza jana, "atafanywa nini?"

Karatasi ikafunuliwa.