Seva ya Kiwanda cha Kahawa

Rafiki yetu Kiogora, fundi wa kompyuta mjini Meru, aliitwa asubuhi moja kwenye kiwanda cha kahawa karibu na Githongo. Seva yao ilikuwa ikizimika ovyo, na rekodi za kilo zote za kahawa walizoleta wakulima msimu ule zilihifadhiwa humo tu. Nakala nyingine haikuwepo.

Madirisha ya chumba yalikuwa yamefungwa kuzuia vumbi, na kiza kilikuwa kimetanda. Kiogora alichomoa vipande vinne vya memori, akaisugua miguu ya shaba ya vipande hivyo kwa raba ya shule.

Cicily, karani wa kiwanda, akacheka. "Fundi, wakulima wakikuona na hiyo raba, watasema tumeleta mwalimu wa nasari!"

"Madam, vumbi kidogo likikaa hapa, mashine inasahau kila kitu."

Alijaribu kila kipande peke yake. Vyote vilikuwa vizima, lakini seva ilizimika vilevile. Mwishowe alivitoa vyote vinne, akachomoa na nyaya za umeme za seva na za kioo cha kompyuta.

Feni ikaendelea kuvuma.

Cicily akasogea karibu. Kwenye kioo majina ya wakulima yalijitokeza, kisha yakaanza kufutika moja baada ya jingine, kila moja kwa mlio mdogo kama wa ukucha juu ya bati.

"Zima, Fundi! Hilo linalofutika ni jina la baba!"

"Nizime nini, madam? Nyaya zote hizi hapa."

Kiogora alisimama gizani akiisikiliza ile milio, na kila jina lilipotoweka, vile vipande vya memori vilizidi kupata joto kiganjani mwake.