Mtungi wa Mama Mkwe

Asubuhi ya kutia kabichi za majira ya baridi chumvi na pilipili, Ok-bun alifunua mtungi wa rojo ya pilipili akakuta imepungua nusu, na ndani mna alama za ulimi. Paka gani huyo wa kulamba pilipili? Akaugusa mtungi. Ulikuwa wa moto, na nje theluji inaanguka.

Mtungi wenyewe ulikuwa na mambo yake. Marehemu mama mkwe aliutilia mchele mpya kila mavuno, chakula cha mzimu wa ukoo. Ok-bun alipobatizwa, shemasi Bong-nim alimwambia auvunje. Yeye akamwagia kuku mchele, mtungi akauonea huruma, akautilia pilipili. Ubahili huo!

"Shemasi," alinong'ona wakiwa wameinamia beseni la kabichi, "ule mtungi bado ninao."

"Weye mama! Si nilikwambia uuvunje?"

"Shh! Mi-suk atasikia."

Mi-suk, bintiye wa pekee, alikuwa mlangoni akipasua kabichi kwa kisu, mimba yake ya miezi minane. Mbili za kwanza zilitoka. Kwa hii ya tatu, Ok-bun hajalala vizuri tangu mpunga ulipopandikizwa. Huomba kwa makelele mpaka sauti inakauka, na akisema amina tu, hofu inaanza upya.

"Nimesikia," alisema Mi-suk. Sauti ilikuwa ya kikongwe, na pumzi ilinuka wali uliochacha. "Miaka yote mchele mpya, wewe ukanitia pilipili!"

Kisu kikapita. Mkono wa Bong-nim ukapasuka toka kiwiko hadi kifundo, damu ikarukia kabichi nyeupe, shemasi akaanguka akipiga yowe, na kabla Ok-bun hajanyanyuka Mi-suk alikuwa amejifunua tumbo, ameweka ncha ya kisu juu ya kitovu, anacheka, meno yote mekundu kwa pilipili.

"Baba Mungu! Nitafunga siku arobaini!" alipaza Ok-bun. Ncha ikazama, damu ikachuruzika. "Nitatoa nyumba! Nichukue mimi!" Ikazama zaidi.

"Ongeza," kikongwe kilisema kikilamba midomo. "Unadhani pilipili ndiyo iliyoninenepesha? Nimenenepa kwa hofu yako. Ogopa, mkamwana, ogopa nishibe."

Ok-bun akakaa chini kwenye maji ya chumvi yaliyomwagika beseni. Hakuwa na ahadi nyingine.

"Baba," alisema polepole, "nimechoka. Mwanangu ni wako. Mshike."

Basi. Mabega yakashuka, moyo ukatulia, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Kikongwe kikapanua kinywa, kikatafuna hewa, kikatafuna tena, kisha kikalia kwa njaa. Uani mtungi ukapasuka, vigae vikaruka hadi ndani. Kisu kikaanguka.

"Mama?" Mi-suk alilia kwa sauti yake mwenyewe, ameshika kidonda. "Mama, mtoto anacheza!"

Ok-bun alimfunga kidonda, akamfunga shemasi mkono pia, akalala palepale sakafuni akikoroma.

Alipoamka, Bong-nim alikuwa akifagia vigae kwa mkono mmoja. Kimoja kilibaki chini ya beseni. Ok-bun akakitazama, akawaza: na je, siku ya uchungu wa kuzaa ikifika? Kigae kikatikisika, kikaanza kutoa mvuke.

"Baba, mshike," alinong'ona.

Kigae kikatulia. Akageukia upande wa pili, akalala tena.