Diski ya Kwaya

Kila Jumamosi Benita alifagia karakana ya mama yake mdogo, Laurentine, mtaani Kamalondo, kisha akakaa kumtazama akitengeneza kompyuta. Siku hiyo moyo ulikuwa mzito. Kompyuta ya kwaya ya parokia ilikuwa imezimika ghafla umeme ulipokatika, ikaletwa hapo karakanani, na ndani ya diski yake ya zamani kulikuwa na nyimbo alizoimba mama yake Benita kabla hajafa. Hazikuwepo mahali pengine popote.

Laurentine alikuwa akiiwekea kompyuta hiyo diski mpya na mfumo mpya wa kuiendesha, BSD, kwa mkono, amri moja baada ya nyingine. Kwanza diski huandaliwa, kisha “hupandishwa”, yaani hupewa nafasi ndani ya kompyuta ili mafaili yake yaonekane. Diski mpya alikuwa ameshaiandaa, bado kuipandisha; ile ya zamani ilikuwa imeunganishwa kando yake.

“Courant inaweza kukatika tena. Minaenda kutafuta essence ya groupe,” alisema, akachukua dumu la petroli ya jenereta. “Usiguse kitu.”

Mlango ulipofungwa tu, hamu ilimzidi Benita. Alitaka kumsikia mama, hata kidogo. Akajaribu kuipandisha diski ya zamani. Kompyuta ikakataa: diski haikufungwa vizuri umeme ulipokatika, ikaguliwe kwanza. Benita hakujua kukagua. Alichokumbuka ni ile amri ya kuandaa diski mpya, basi akaiandaa na hii vilevile. Ikapanda. Akaifungua, na ndani hamkuwa na kitu: kule kuiandaa kulikuwa kumefuta kila kitu.

Laurentine akarudi, akatazama skrini.

“Ni disque gani ilipanda?”

“Ile ya mupya, Tantine.”

Laurentine alimwamini mtoto wa dada yake. Hakuangalia mara mbili, akaanza kumimina mfumo mpya ndani yake. Taa ndogo ya diski ikawa inawaka na kuzimika, na Benita alijua kwamba kila inapowaka, sauti ya mama inafunikwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

“Tantine, simamisha! Ile ni disque ya mama! Mi njo niliifuta!” Benita alikiri.

Laurentine alichomoa waya palepale. Aliinamisha uso mikononi, maana marehemu alikuwa dada yake. Kisha akaanza kuipekua ile diski, kipande kwa kipande, mpaka jioni.

Ulipatikana wimbo mmoja tu, nao ulikuwa umekatika katikati. Wakausikiliza pamoja. Sauti ya mama ilipanda, ikapanda, halafu kimya.

“Kufuta, ulikosa juu haukujua,” Laurentine alisema, akijipangusa machozi. “Kosa ile tungeweza kuitengeneza. Zile nyimbo zingine, ni uongo njo iliziua. Na mi pia, nilipashwa kuangalia. Siku ingine ukikosa, sema palepale, hata kama unaogopa.”

Benita aliitikia kwa kichwa, akilia. Akauanzisha wimbo tena, akijua utakatikia wapi.